Picha Kumi na Moja za Baba Bella

Watu wa kanisa letu hapa Doha wakimwona mume wangu siku hizi humpiga kofi la begani na kumwambia kwamba sasa amekuwa mwanaume. Zamani walimcheka. Kicheko hicho niliwafundisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sina haki ya kuwakasirikia, na bado nawakasirikia.

Naitwa Phoebe Kageha, muuguzi wa wodi ya upasuaji, mwaka wa saba sasa katika mji huu. Mume wangu ni Wesley Mudogo. Nilimleta kwa viza ya familia, na karatasi zake zote zinasema yuko chini ya udhamini wangu. Kwetu Maragoli, magharibi ya Kenya, mwanamume kuwekwa chini ya mkewe kwa mhuri wa serikali ni jambo lisilo na jina, na jina likipatikana halitakuwa zuri. Binti yetu Bella tulimwacha kwetu Chavakali, kwa mama yangu, maana shule za huku ni za watu wenye visima vya gesi. Mimi nilikwenda kazini, Wesley akabaki nyumbani. Angeweza kuomba kibali cha kazi. Hakuomba. Alichora.

Na laiti angechora vitu! Twiga, mama aliyebeba kuni, chochote ambacho ukikitundika sebuleni mgeni atakielewa. Wesley alichora weusi. Weusi ulioshuka kutoka juu ukajikunja, weusi uliopauka ukawa moshi, halafu mahali pakubwa peupe pasipo na lolote, na pembeni kabisa kipande cha rangi nzito ya mafuta, nyekundu ya udongo au kijani cha majani ya chai. Basi.

"Hii ni nini?" nilimwuliza mara ya kwanza.

"Si kitu, Mama Bella."

"Si kitu, na imekula wiki tatu?"

"We iangalie tu. Usiitafutie jina."

Nilimwambia kwetu fundi akipaka ukuta nusu akaondoka hufunguliwa mbwa. Alicheka. Wakati huo alikuwa bado anacheka nikimtania.

Mambo haya aliyatoa China. Watu wakisikia mtu kasomea China hudhani ni udaktari au ujenzi wa barabara, na kweli serikali ilimpeleka Hangzhou kusomea maji ya kunyunyizia mashamba. Huko akakutana na mzee mmoja mstaafu aliyefundisha uchoraji wa wino kila Jumapili, nyumbani kwake, juu ya meza ya kulia chakula. Wesley alimaliza digrii ya maji kwa kuburuta miguu, akarudi nyumbani na cheti kimoja na brashi thelathini. Mama yake alikuwa amemwagiza simu. Alimletea kijiti cha wino mweusi kilichopambwa kwa dhahabu, na yule mama akakinusa, akauliza kinatibu nini.

Rangi za mafuta alikuwa nazo tangu awali. Mjomba wake alichora mabango ya hoteli na vinyozi pale sokoni Luanda, ile ya kwetu si ya Angola, na Wesley alikua akimsaidia. Kwa hiyo alivichanganya viwili hivyo, wino wa Wachina na mafuta ya mjomba, na kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu kama wa chumba cha upasuaji. Kwanza alipika gundi ya unga wa ngano, laini kama uji wa mgonjwa, kwenye sufuria yangu. Kwa gundi hiyo alibandika karatasi nyembamba ya Kichina juu ya turubai, akaipapasa kwa brashi pana mpaka lisibaki povu hata moja. Ikikauka, alisaga wino. Kile kijiti husuguliwa juu ya jiwe lenye maji kidogo, kwa kuzungusha, nusu saa nzima. Mimi nimetoka zamu ya usiku, saa moja asubuhi, miguu imevimba, nataka kulala. Chumba cha pili kinasema shwi, shwi, shwi, kama panya anayetafuna kabati.

Wino ukigusa karatasi ile umeingia. Haufutiki wala hausahihishwi, ukikosea umekosea. Mafuta yana huruma: unakwangua kwa kisu, unapaka upya. Ndiyo maana alitanguliza wino, akaungoja siku nyingi ukauke, halafu akamalizia na mafuta. Ukitanguliza mafuta, wino huteleza juu yake na kujikusanya vitone kama maji kwenye jani la nduma. Haya yote alinieleza, zaidi ya mara moja, nami nilimsikiliza nikipiga miayo.

Kanisani tulikuwa na rafiki yangu Roselyne, ambaye mumewe ana cheo katika stoo moja kule Industrial Area. Kila Ijumaa, maana huku ndiyo Jumapili yetu, baada ya ibada alikuwa na swali lake.

"Wee Phoebe, na bwana? Bado ako kwa zile vitu zake za Kichina?"

"Bado. Wiki hii amechora giza la stima kupotea."

Wanawake wote waliangua kicheko. Siku moja nikisema hivyo Wesley alikuwa nyuma yangu na sahani ya mandazi. Aliwapitishia wote, mmoja mmoja, akanifikishia mimi mwisho. Sikuomba msamaha. Nilijiambia utani haumuui mtu.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikuwahi kulitamka. Mwaka juzi, mwezi wa pili, mgonjwa alinifia mkononi alfajiri, kijana wa Kinepali aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Al Thumama, nikamkuta Wesley anaoga. Niliingia chumba cha pili kufungua pazia, na picha ya saba ilikuwa imeegemezwa ukutani. Wino ulishuka kutoka kona ya juu, ukapungua, ukakatika, na chini yake palikuwa peupe tu. Nilipaangalia pale ulipokatika. Nililia nikiwa na sare yangu, nimesimama, na nikajua, kabisa nikajua, kwamba mume wangu hachezi. Maji ya bafuni yaliponyamaza nikajifuta uso. Alipotoka nilimwambia chumba kinanuka tapentaini na afungue dirisha.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza sana. Nadhani nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye mwenye kazi ya maana katika nyumba ile.

Riziki yake, kwa kejeli ya Mungu, ilipitia kwangu. Tulimlaza wodini mzungu wa Afrika Kusini aitwaye Shaun, aliyetolewa kibofu cha nyongo. Alikuwa na ukumbi wake mdogo wa maonyesho ya sanaa. Nikimbadilisha bandeji nilimwambia, kwa mzaha, kwamba mimi pia nina msanii nyumbani, Mluhya anayechora Kichina. Akaomba kuona. Nilimwonyesha picha mbili kwenye simu nikitarajia acheke nami. Hakucheka. Aliishika simu yangu muda mrefu, akaniuliza mume wangu anapatikana wapi.

Alikuja wiki tatu baadaye, mshono haujapona vizuri. Alivua viatu bila kuambiwa, akasimama katika chumba cha pili karibu saa nzima. Nilimletea juisi akaikataa. Mara moja aliniomba nisogee, nilikuwa nimeziba mwanga. Alipomaliza alimwambia Wesley kwamba atampa chumba kizima cha maonyesho mwezi wa kumi, picha zote kumi na moja, na kwamba tangu afike nchi hii hajaona mkono kama ule. Alitumia maneno mengine pia ambayo sikuyaelewa. Wesley aliyaelewa yote. Walizungumza kama watu waliosoma darasa moja, na mimi nikabaki mlangoni na glasi ya juisi.

Mgeni alipoondoka Wesley alikaa sakafuni.

"Mama Bella," alisema, "mwezi wa kumi."

Nilimwambia hongera. Nilimkumbatia hata. Lakini moyoni nilikuwa na wivu, tena wivu mbaya, wa kumwonea mtu wako wa kitandani. Miaka yote nilikuwa nimembeba, na sasa amepata mahali ambapo mimi ni mtu wa kuombwa asogee.

Likizo yangu iliangukia Agosti, wakati Bella amefunga shule. Siku ya kuondoka tuligombana kuhusu kiyoyozi.

"Lazima tuache AC iko on," Wesley alisema. "Hata kama ni twenty-six. Hii joto na unyevu ya huku, ile gundi ni unga. Itashika kuvu, karatasi ibanduke. Na mafuta ya zile tatu za mwisho bado ni mabichi."

"Mwezi mzima tupoze nyumba ya watu ambao hawako?"

"Tupoze picha."

"Na bili ya kupoza picha ni ya nani? Nyumba ni ya nani, Wesley? Jina la nani liko kwa mkataba?"

Sikumwita Baba Bella. Nilimwita Wesley, kama karani anayesoma orodha. Kisha mimi mwenyewe nikashuka, nikasema haya, sawa, iache iwake. Nilisema hivyo kwa ulimi wangu, na nilikuwa na nia hiyo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Mtu aliyelelewa Kenya hafungi nyumba ya safari bila kuzima stima. Mama yangu alitufundisha kwa kiboko: radi za Maragoli hazina simile, zikiikuta nyumba ina stima zitakula redio na paa. Unafunga gesi, unafunga mfereji, unang'oa pasi ukutani, unatoa vitu vyote kwenye friji na kuuacha mlango wake wazi kwa kitambaa, unamalizia na swichi kuu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Teksi ilikuwa chini inapiga honi. Wesley alikuwa chumba cha pili akiziangalia picha zake. Nilifunga gesi, nikafunga mfereji, nikang'oa pasi. Friji ilikuwa tupu tangu jana yake. Mkono wangu ukapanda wenyewe kwenye kisanduku cha swichi kuu pale mlangoni. Tak.

Viyoyozi vyetu vilikuwa na tabia ya kunyamaza vyenyewe nyumba ikishapoa, kwa hiyo ukimya haukuwa jambo la kumshtua mtu. Nilimwita Wesley, nikatangulia kwenye lifti na mkoba wangu. Alikuja na masanduku, akafunga mlango kwa ufunguo.

Na hivi ndivyo nilivyojieleza kwa muda mrefu: nilisahau, mkono una mazoea, nani hajawahi kusahau. Ni kweli mkono ulisahau. Lakini ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya nne na ya pili, mimi nilikumbuka. Niliona swichi iko chini kana kwamba imebandikwa kwenye kioo mbele yangu. Wesley yuko kando yangu na masanduku mawili. Nilipaswa kusema maneno matatu tu. Baada ya yale niliyomwambia asubuhi, maneno matatu yale yalikuwa mazito kuliko masanduku. Nikajiambia teksi itatuacha. Nikajiambia nitapiga simu uwanja wa ndege.

Harisi wa jengo letu, yaani mlinzi, ni Laban, kijana wa Kitale, na alikuwa na ufunguo wetu wa akiba. Simu moja tu. "Laban, panda juu, washa swichi kuu." Namba yake tulikuwa nayo wote wawili. Uwanja wa ndege sikupiga. Nairobi sikupiga. Chavakali, jioni ya kwanza, nilikaa barazani kwa mama, Wesley anapukuchua mahindi na Bella, nikaitoa simu, nikalitafuta jina la Laban, nikaliangalia. Kumpigia mbele ya Wesley ni kukiri. Kwenda kupigia nyuma ya choo ni wizi. Nikairudisha simu mfukoni.

Jioni ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Siku ya nne nilisema moyoni kwamba kama zimeharibika zimeharibika tayari, na kama hazijaharibika basi hazitaharibika. Muuguzi mzima! Mgonjwa wangu akiniambia hivyo kuhusu kidonda chake ningemfokea mpaka wodi ya jirani isikie. Lakini nilijitia hamnazo. Na chini kabisa, mahali ambapo hata Mungu nilikuwa simruhusu, kulikuwa na kasauti kalikosema: zikiharibika, atatafuta kazi kama watu.

Bella alikuwa amesikia habari za maonyesho. "Baba, watu wakuje wote waone picha zako?"

"Muulize mama," Wesley alisema, na akaendelea na mahindi.

Nilimwambia mtoto ndiyo, watakuja.

Tulirudi katikati ya Septemba. Laban alitupandishia masanduku. Wesley alifungua mlango, na joto likatupiga usoni pamoja na harufu ya godoro lililonyeshewa. Hakuwasha hata taa, alikwenda moja kwa moja chumba cha pili. Nilimfuata.

Nimeona ngozi za watu walioungua, kwa hiyo naweza kueleza. Karatasi ilikuwa imefura malengelenge, mengine makubwa kama sahani, na pembeni ilikuwa imejibandua na kuning'inia. Kuvu ya kijivu ilikuwa imepanda kutoka chini, imejaza pale palipoachwa peupe. Mafuta ya zile picha tatu mbichi yalikuwa yamejikunja makunyanzi. Wino wenyewe ulikuwa mzima, mweusi vilevile, ila haukuwa tena mahali alipouweka. Picha ya saba ilikuwa imepasuka pale pale wino ulipokatika.

Laban alichungulia begani mwetu. "Ai, mbona hamkuniambia niwashe AC? Si mimi nilikuwa na key?"

Na hapo mimi, Phoebe, mshiriki wa kwaya, nilifungua mdomo wangu nikauliza kwa sauti ya mtu aliyeshangaa:

"Nani alizima stima?"

Wesley aligeuka. Aliniangalia. Kisha akamwangalia Laban, na masanduku, na mlango ulio wazi.

"Ni mimi," alisema. "Nilitoka wa mwisho."

Nilishusha pumzi. Nakiri nilishusha pumzi. Nilidhani ameamini hivyo kweli, kwamba katika haraka ile mkono wake ndio uliozima. Nikamshika bega nikamwambia pole, ni bahati mbaya, maji yakimwagika hayazoleki.

Shaun alikuja kesho yake. Aliinama mbele ya kila picha, akauliza kama zinaweza kurudiwa kabla ya mwezi wa kumi. Wesley akamwambia mafuta yanarudiwa, wino haurudiwi. Shaun alisikitika kwa dhati, na chumba akampa mtu mwingine, kwa sababu tarehe zilikuwa zimeshatangazwa. Wesley alizing'oa turubai kwenye fremu, akazikunja, akazishusha kwenye mapipa ya nyuma ya jengo. Alikwenda mara nne. Mimi nilimshikia mlango.

Januari alipata kibali cha kazi. Mume wa Roselyne alimwingiza stoo yao, anasimamia mabomba na vifaa vya maji, kwa hiyo ile digrii ya Hangzhou imepata kazi yake hatimaye. Basi la kampuni humchukua alfajiri. Mimi nikirudi kutoka zamu nakuta kitanda kimetandikwa na kikombe kimeoshwa. Nyumba imenyamaza. Kile ambacho niliomba kwa miaka, kulala asubuhi bila shwi shwi, nimepewa, na silali.

Machi nilikwenda kumnunulia turubai mpya, kubwa, na karatasi na kijiti cha wino niliviagiza kutoka kwa mtu aliyesafiri. Nilivipanga mezani kama mahari. Alisema, "Asante, Mama Bella, umejisumbua." Akavitia nyuma ya kabati vikiwa na nailoni yake. Hajawahi kunifokea, hata siku moja, kuhusu lolote. Anauliza habari za kazi, anapika zamu yake, analala upande wake. Nilitamani anifokee. Mtu anayekufokea bado ana hesabu nawe.

Ijumaa iliyopita, baada ya ibada, Roselyne alimshika Wesley mkono mbele ya watu. "Sasa huyu ndiye bwana! Si yule wa kuchora giza." Watu wakacheka kicheko kile kile changu. Wesley naye alitabasamu, kwa adabu. Nilimwambia Roselyne, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba mume wangu ni mchoraji kuliko wachoraji wote aliowahi kuwaona, na kwamba anachokicheka yeye ni upumbavu wangu. Roselyne akasema kumbe leo Phoebe hajalala vizuri.

Tulirudi nyumbani. Nilipasha maharagwe, Wesley akakaa mezani kumenya mayai ya kuchemsha. Sikungoja tule.

"Baba Bella, kuna kitu lazima nikwambie. Ile siku ya kusafiri, stima haikuzimwa na wewe. Ni mimi nilizima."

Aliendelea kumenya. Ganda lilikuwa linatoka vipande vidogo vidogo.

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu uzime. Nilikuwa nimesimama kwa mlango wa ile room. Niliona mkono wako."

Nilikaa.

"Na hukuwasha?"

"Ulikuwa umetoka kuniuliza nyumba ni ya nani. Nikaona umejijibu."

"Nilisahau, Wesley! Mkono ulisahau!"

"Inaweza kuwa. Kwa lifti je?"

Nilivuta sahani yangu karibu.

"Uso wako nilikuwa nauona kwa kioo," alisema. Aliweka yai kwenye sahani yangu, akachukua la pili. "Nikasema, sawa, ana aibu, atapigia Laban akifika airport. Halafu nikasema atapiga Nairobi. Tukafika nyumbani. Kila jioni unatoa simu, unaiangalia, nami nasema, leo. Leo atapiga. Napukuchua mahindi nikikungoja."

"Si ungepiga wewe! Zilikuwa picha zako. Namba ulikuwa nayo!"

"Wiki ya kwanza nilikuwa nataka picha," alisema. "Baadaye sikuwa nazitaka tena. Nilikuwa nataka tu upige."

Maharagwe yalianza kushika chini ya sufuria, nikayasikia harufu, sikunyanyuka. Nilimwuliza kwa nini basi alisema mbele ya Laban kwamba ni yeye. Alifikiri, kama anayekumbuka jambo dogo.

"Ulikuwa umeshauliza nani amezima," alisema. "Mtu wa nje amesimama hapo na masanduku yetu. Ilibidi mtu ajibu ndio aende."

Nililia, kilio kibaya, cha kamasi. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia habari ya picha ya saba, yule kijana wa Kinepali, nilivyosimama pale na sare yangu, yote, kwa mara ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, ameshika yai ambalo limeshamenywa. Macho yake yalijaa maji, hilo niliona. Nikadhani sasa atanisamehe.

"Hiyo ungeniambia siku ile," alisema. "Ningechora nayo miaka kumi."

"Nisamehe, Baba Bella."

"Nilikusamehe," alisema. "Chavakali, kila jioni ukirudisha simu kwa mfuko, nilikuwa nakusamehe. Nilifika kama siku ya ishirini hivi. Halafu msamaha ukaisha."

Hakusema kwa hasira. Ningeweza kupambana na hasira. Alinyanyuka, akazima jiko, akapakua maharagwe yasiyoungua kutoka juu, sahani yangu kwanza. Tukala. Baadaye akauliza kama shati lake la kazi limekauka, kwa sababu kesho basi linakuja mapema.

Nikamwambia limekauka.